Kuacha Wali, Kukata Kalori, Kupanga Sahani au Kufunga: Mgonjwa wa Sukari wa Unguja na Pemba Ashike Ipi?

Kilo moja ya mchele ina takribani gramu 800 za wanga. Ikipikwa mchana kwa watu watano na sinia likarudi jikoni tupu, kila mmoja amekula kiasi cha gramu 160 za wanga na kalori zipatazo 700, na hapo bado hujahesabu tui, mchuzi wala ndizi ya kushushia. Watafiti wengi wa lishe huita ulaji wa wanga kidogo ule usiozidi gramu 130 kwa siku nzima. Basi mtu wa huku kwetu akiambiwa "punguza wanga" anaambiwa jambo zito. Anaguswa mlo wa mchana, na mlo wa mchana visiwani ndio unaowakalisha watu pamoja.

Namfikiria mtu mzima aliyegunduliwa kisukari cha aina ya pili si muda mrefu. Katoka kliniki na vidonge vya metfomini na maelezo ya haraka haraka, maana foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Akifika barazani kila mtu ana dawa yake. Wa kwanza anamwambia aache wali kabisa. Wa pili kasikia kwamba Ulaya watu wanakunywa maji ya unga maalumu miezi mitatu na sukari inaondoka. Wa tatu anasema kula kila kitu, ila kidogo, na mboga ziwe nyingi. Wa nne anamshauri afunge Jumatatu na Alhamisi, apate thawabu na afya kwa mpigo mmoja.

Hakuna muongo kati yao. Kila mmoja ana utafiti nyuma yake, na tafiti nyingine ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba wanajibu maswali tofauti. Mgonjwa wa sukari ana hatari tatu zinazomzunguka: sukari kupanda na kukaa juu, sukari kushuka ghafla mpaka akaanguka, na mishipa kuharibika polepole mpaka ikaleta kiharusi, ugonjwa wa moyo au figo kushindwa. Njia moja inaweza kuizuia hatari ya kwanza na kumsogeza kwenye ya pili. Ndiyo maana nitazilinganisha njia hizi nne kwa hatari hizo, kwa gharama, na kwa chungu kinachopikiwa nyumba nzima.

Kalori chache sana

Njia hii imetokana na kazi ya Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Hoja yake ni kwamba kwa watu wengi kisukari cha aina ya pili kinaanza na mafuta yaliyokosa pa kukaa. Mwili ukishindwa kuyahifadhi chini ya ngozi, yanajaa kwenye ini. Ini lenye mafuta halisikii tena amri ya insulini, linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha. Mafuta mengine yanafika kwenye kongosho na kuzilemea seli zinazotengeneza insulini. Mwaka 2011 Taylor na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 11 waliolishwa kiasi cha kalori 600 kwa siku kwa wiki 8. Ndani ya wiki ya kwanza tu sukari yao ya asubuhi ilirudi kwenye kiwango cha kawaida.

Jaribio kubwa lilifuata. Linaitwa DiRECT, aliliongoza yeye pamoja na Profesa Mike Lean wa Glasgow, na matokeo yalitoka mwaka 2017. Watu walikuwa 306. Nusu yao waliachishwa chakula cha kawaida wakapewa unga wa kukoroga wenye kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa hawana sukari ya kiwango cha kisukari na hawatumii dawa. Katika kundi la matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 4. Waliopungua kilo 15 au zaidi walifanikiwa kwa asilimia 86.

Mtu atasema hao ni Wazungu. Lakini Qatar walifanya jaribio la namna hiyo kwa watu 158 wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, wenye umri wa miaka 18 hadi 50, ambao hawajazidisha miaka mitatu tangu kugunduliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2020: asilimia 61 kisukari chao kilitulia, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Wanaokula wali na nyama kwenye sinia, nao wameweza.

Sasa masharti. DiRECT haikuwachukua wanaojidunga insulini, wala waliokaa na ugonjwa zaidi ya miaka sita, wala wembamba. Dawa zote za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza, kwa uangalizi, kwa sababu mtu anayekula kalori 800 huku anameza vidonge vyake kama kawaida anaweza kuanguka chooni. Na matokeo yanafifia. Baada ya miaka miwili ile asilimia 46 ilikuwa imebaki 36, na katika watu 85 walioendelea kufuatiliwa mpaka mwaka wa tano, waliobaki salama bila dawa walikuwa asilimia 13. Kilo zikirudi, sukari inazifuata.

Hapa visiwani kuna la kuongeza. Watafiti wa Uganda walipowapima wagonjwa wapya wa aina ya pili, walikuta karibu mmoja kati ya watatu si mnene. Angalia foleni ya kliniki yoyote ya sukari, Mnazi Mmoja au Chake Chake, utawaona: wazee wakavu, kanzu zinawapwaya, na sukari 15 (milimoli kwa lita, kama mashine inavyosoma). Mtu kama huyo ukimpa kalori 800 unaweza kumwondolea misuli aliyobakiwa nayo. Ni kweli kwamba kundi la Taylor baadaye lilijaribu kwa watu 20 wasio wanene, na 14 wakafanikiwa kwa kupungua kiasi cha asilimia 10 ya uzito. Ila hao ni watu 20, waliopimwa ini na kongosho kwa mashine ambazo mtu wa Konde hazioni. Siwezi kumwambia mzee wa Wete aifuate njia hii peke yake nyumbani kwa sababu ya watu 20.

Unga wenyewe nao ni ghali, na hauko kila duka la dawa. Kinadharia mtu anaweza kuzipata kalori 800 kwa samaki wa kuchoma, mchicha, mtindi na yai. Kwa vitendo huhitaji mtaalamu wa lishe akupangie, la sivyo unakosa protini, chumvichumvi na vitamini, ukadhani udhaifu ndio dalili ya kupona.

Kukata wanga

Hii ndiyo inayosifiwa sana kwenye makundi ya simu, na ndiyo inayoshusha sukari ya baada ya kula haraka kuliko zote. Inaeleweka: wanga ndio unaogeuka sukari. Ukikata chanzo, mto unapungua.

Mwaka 2021 watafiti walikusanya majaribio 23 yenye wagonjwa 1,357 wa aina ya pili. Miezi sita ya mwanzo, waliokula wanga kidogo walikuwa asilimia 57 waliofikia HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili hadi mitatu, chini ya asilimia 6.5. Wenzao walikuwa asilimia 31. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini ilipofika miezi 12 faida hiyo ilikuwa imepungua sana, na sababu kubwa ni ile ile unayoifikiria: watu wanarudi kula walivyozoea. Kule Stanford, Marekani, Christopher Gardner aliwalinganisha watu 609 wasio na kisukari kwa mwaka mzima, nusu wanga kidogo, nusu mafuta kidogo, wote chakula halisi kisichotoka kiwandani. Walioacha wanga walipungua kilo 6.0, walioacha mafuta kilo 5.3. Kitaalamu hiyo ni sare.

Kwa hiyo kama lengo lako ni kushusha namba za mashine mwezi huu, kukata wanga kunashinda. Kama unatazama miaka mitano, ushindi huo hauna hakika.

Shida ya kwetu ni nini kinachukua nafasi ya wali. Hapa wengi wanajidanganya. Bibi anaambiwa aache wali, anasema "Alhamdulillahi, mimi muhogo naupenda," na kuanzia siku hiyo ni muhogo asubuhi na jioni, kwa kuwa ni chakula cha asili kilichotoka ardhini. Muhogo wa kuchemsha gramu 100 una wanga karibu 38. Wali uliopikwa gramu 100 una karibu 28. Shelisheli liko karibu na wali, mbatata na viazi vitamu viko chini kidogo. Chapati, boflo, mkate wa kumimina na vitumbua ni wanga ule ule kwa sura nyingine, na kitumbua kina sukari juu yake. Urojo nao usiusamehe: unga wa ngano, mbatata, bajia, kachori, chipsi za muhogo. Kilichokuwa chepesi mle ndani ni ukwaju.

Anayetaka kukata wanga kweli anabaki na samaki, pweza, mayai, kuku, mboga za majani, bamia, bilinganya, tungule, nazi kwa kiasi na karanga. Chakula kizuri. Lakini kinagharimu. Msimu wa vibua na dagaa mambo ni mepesi. Kusi likivuma na mashua haziendi baharini, familia ya mshahara mdogo itashibishwa na mchele tu. Kunde na choroko zinasaidia kwa kuwa zina protini na nyuzinyuzi, ingawa zina wanga pia, na anayefuata njia kali kabisa atazikataa. Mimi nisingezikataa.

Jambo la usalama lisiachwe liwe mstari mdogo chini. Anayetumia glibenklamaidi, kidonge kinachosukuma kongosho kutoa insulini, au insulini yenyewe, akiacha wali ghafla bila kupunguziwa dozi, sukari itashuka. Anayetumia dawa za kundi jipya, kama empagliflozini au dapagliflozini, ana hatari tofauti: wanga ukikosekana kabisa damu inaweza kujaa asidi ya ketoni hata kama mashine ya kidole inasoma namba nzuri, na dalili zake ni kichefuchefu, tumbo kuuma na kuhema haraka. Anayetumia metfomini peke yake hofu yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu anayetaka kuacha wali ni "unameza nini?"

Kupanga sahani

Njia hii haina jina la kupendeza, na haiahidi muujiza. Nusu ya sahani ni mboga, robo ni kitoweo, robo ni wali au muhogo au chapati. Mafuta ya kimiminika yanachukua nafasi ya samli na siagi, karanga au korosho kidogo, samaki mara nyingi kuliko nyama nyekundu, soda iachwe.

Ushahidi wake unatoka upande usiotarajiwa, yaani moyo. Hispania waliwafuatilia watu 7,447 wenye hatari kubwa ya moyo, karibu nusu yao wakiwa na kisukari. Wengine walipewa ulaji wa mwambao wa Mediterania wenye mafuta ya zeituni kwa wingi au karanga na jamii yake, wengine wakashauriwa kupunguza mafuta. Matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa karibu asilimia 30. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2013 iliondolewa kwa sababu baadhi ya washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu ilivyotakiwa, na mwaka 2018 ikachapishwa upya baada ya hesabu kurudiwa. Jibu lilibaki karibu lile lile, ingawa uhakika wake umepungua. Nimeitaja kasoro hiyo makusudi, kwa sababu utafiti huu hutajwa kila mahali bila kasoro yake.

Weka pembeni yake jaribio la Marekani liitwalo Look AHEAD: wagonjwa 5,145 wa kisukari cha aina ya pili, waliopunguzwa uzito kwa chakula na mazoezi kwa karibu miaka kumi. Walipungua, sukari yao ikawa nzuri zaidi, dawa zikapungua. Lakini mshtuko wa moyo na kiharusi havikutofautiana na kundi la pili. Yaani kule uzito ulishuka na moyo haukunufaika; huku uzito haukuwa hoja na moyo ukanufaika. Tafiti mbili haziwezi kumaliza mjadala, maana watu na matibabu yao hayakufanana. Ila zinatosha kunifanya nisimwamini mtu anayesema namba ya mashine ndiyo afya yote.

Na kwetu moyo na kiharusi si hatari ya kuifikiria mwisho. Utafiti wa mwaka 2011 wa magonjwa yasiyoambukiza Zanzibar ulikuta presha kwa takribani mtu mzima mmoja kati ya watatu. Ukijumlisha sukari na presha kwenye mwili mmoja, kinachomaliza watu ni mishipa.

Nazi je? Hapa watu hugombana. Uchambuzi wa majaribio 16 uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha mafuta ya nazi yanapandisha lehemu mbaya (LDL) kwa takribani miligramu 10 kwa desilita yakilinganishwa na mafuta ya mbegu. Wakati huo huo kuna visiwa vya Pasifiki, Tokelau na Pukapuka, ambako watu walipata theluthi moja mpaka zaidi ya nusu ya kalori zao kutoka kwenye nazi, na watafiti wa miaka ya themanini wakaripoti kuwa magonjwa ya mishipa yalikuwa machache. Tofauti ni kwamba wale walikula nazi na samaki, sukari na chumvi ya dukani vikiwa haba, na walitembea. Sisi tunakula nazi juu ya wali, chai yenye sukari pembeni, na bodaboda mlangoni. Tui zito la gramu 100 lina kalori zipatazo 230. Kwa maoni yangu tui la pili, lile jepesi, kwenye mchicha na samaki halina kesi ya kujibu kila siku. Tui la kwanza kwenye wali wa nazi liwe la siku ya wageni.

Kuna kitu kidogo kinachonivutia katika njia hii kuliko namba zote kubwa. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa wagonjwa 11 chakula kile kile kwa mpangilio tofauti. Siku moja walianza na mkate na juisi, siku nyingine walianza na mboga na kuku, wanga ukaja dakika 15 baadaye. Walipotanguliza mboga na kitoweo, sukari yao baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Watu 11 ni wachache, lakini jambo lenyewe halina gharama wala hatari. Kwenye sinia la pamoja mtu anaweza kuanza na mchicha na kipande chake cha changu, akawaacha watoto watangulie kwenye wali. Hakuna anayeuliza kitu. Mkwe hakupika chungu cha pili, wala mama hakujitenga na chakula cha nyumba.

Hili la chungu cha pili nalitilia uzito. "Mama, mbona huli?" "Mwanangu, daktari kanikataza wali." Mazungumzo haya yakirudiwa kila mchana, mwisho wake unajulikana: kwanza anapikiwa chake, kisha mpishi anachoka, kisha anakula makombo ya mkate na chai ili asiwasumbue watu, na sukari inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Njia inayomfanya mgonjwa mgeni nyumbani kwake haidumu.

Anayeambiwa sukari yake iko mpakani, bado hajaingia, naye njia yake ni hii. Jaribio la Marekani la mwaka 2002, lenye watu 3,234, lilionesha kuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza wanaoingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Metfomini ilipunguza kwa asilimia 31.

Utafiti wa nani?

Kabla sijafika kwenye kufunga, nisimame Pemba kidogo, maana kisiwa hiki kimeufundisha ulimwengu wa tiba jambo kuhusu lishe.

Miaka ya mwanzo ya 2000 watoto 24,076 wa Pemba, wa mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitatu, waliingizwa kwenye jaribio la kuwapa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Anemia ilikuwa nyingi, madini ya chuma yanatibu anemia, basi hesabu ilionekana rahisi. Agosti 2003 kamati ya usalama ilisimamisha makundi yaliyokuwa yakipewa chuma. Watoto hao walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Jaribio la aina hiyo hiyo lilikuwa likiendelea Nepal, mahali pasipo na malaria, na kule madhara hayo hayakuonekana. Na hapa hapa Pemba, katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika.

Kirutubisho kile kile, dozi ile ile, mahali pawili, majibu mawili. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Nikisoma jaribio la Glasgow au Stanford nakumbuka hilo: nauliza washiriki walikuwa na uzito gani, walitumia dawa gani, nani aliwapima na kila baada ya siku ngapi.

Kufunga

Australia waliwalinganisha wagonjwa 137 wa aina ya pili kwa mwaka mmoja. Wengine walikula kalori 500 hadi 600 siku mbili tu za wiki, siku nyingine kama kawaida. Wengine walipunguza chakula kila siku. Matokeo ya mwaka 2018: HbA1c ilishuka kwa kiasi kinachokaribiana, 0.3 na 0.5. Mtu anayefunga Jumatatu na Alhamisi anaweza kujiona humo, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila wale walikunywa maji, walikula kidogo mchana, na dawa zao zilipunguzwa mapema. Saumu yetu ni ya kukauka kuanzia alfajiri hadi magharibi, na Unguja ya Januari joto lake unalijua.

Hatari ya saumu ilipimwa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa wagonjwa zaidi ya 12,000. Wakati wa Ramadhani, sukari kushuka vibaya mpaka kuhitaji hospitali iliongezeka mara 4.7 kwa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa aina ya pili. Hii ndiyo hatari ya pili kati ya zile tatu, na ndiyo inayoua kwa saa, si kwa miaka.

Kwa hiyo kama mtindo wa tiba, saumu ya sunna haizidi njia nyingine kwa lolote lililothibitishwa, na ina mtego wake. Anayetumia metfomini peke yake na sukari yake imetulia anaweza kuifanya akishazungumza na daktari. Anayetumia insulini au glibenklamaidi, aliyewahi kuanguka, mwenye figo mbovu au mjamzito, nisingemshauri aichukue kuwa njia ya kutibu sukari.

Kwa mtu gani, ipi

Dereva wa daladala wa miaka 38, kitambi mbele, kagunduliwa mwaka jana, anatumia metfomini tu: huyu ndiye aliyefanana na washiriki wa Qatar. Kama anaweza kuhudhuria kliniki kila wiki mbili na kuna mtaalamu wa lishe wa kumfuata, kalori chache inamfaa kujaribiwa, kwa miezi michache, na mpango wa kurudi kwenye chakula uwepo kabla hajaanza. Akishindwa unga, apunguze wali nusu na aache chai ya sukari na soda za stendi, ambazo peke yake ni kalori nyingi kuliko anavyodhani.

Mama wa miaka 60 wa Jang'ombe, sukari na presha pamoja, anapikiwa na mkwewe, anatumia vidonge vya aina mbili: sahani. Sioni sababu ya kumhangaisha. Mboga nusu, samaki kwanza, wali robo, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, ikiwemo ile iliyomo kwenye mkate na samaki wa ng'onda.

Kijana mwenye sukari 17 mara tu baada ya kugunduliwa, anakojoa usiku kucha na anakonda bila kutaka: huyo asichague njia yoyote ya chakula kwanza. Anahitaji kupimwa ketoni na kuangaliwa kama anahitaji insulini, leo, maana huenda si aina ya pili.

Mvuvi mwembamba wa Kojani, miaka 55, sukari 11: asipunguzwe kalori. Aondolewe sukari ya chai na maandazi ya alfajiri, aongezewe kitoweo na kunde, wali ubaki kwa kiasi, dawa zifanye kazi yake. Kukata wanga kabisa kwa mtu anayevuta nyavu usiku ni kumtafutia ajali baharini.

Mwanamke anayejua mashine yake ya kidole, ana uwezo wa kununua samaki, na HbA1c imegoma kushuka chini ya 8 pamoja na dawa: kukata wanga kwa miezi sita, dozi zikirekebishwa, ni jaribio la busara. Apimwe tena baada ya miezi mitatu. Namba ikishuka na maisha yanakwenda, aendelee. Akiona anauchukia mlo wake, arudi kwenye sahani bila kujiona ameshindwa.

Na yeyote anayeingia Ramadhani, aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla, si siku ya kwanza ya kufunga. Dozi hubadilishwa, ya asubuhi mara nyingi huhamishiwa futari. Daku iliwe karibu na alfajiri, yenye protini na kunde, isiwe uji wa sukari peke yake. Futari ianze na maji na tende moja au mbili, kisha supu na samaki, na zile kaimati na mkate wa sinia zije baadaye kama lazima zije. Sukari ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, saumu ifunguliwe hapo hapo hata kama magharibi imebaki nusu saa. Siku hiyo italipwa. Kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, kwa hiyo mashine isiwekwe kabatini mpaka Idi.